Muzee wa Kibati na Majina Yanayotupwa Nyimboni

Nyinyi mnaokuja kwangu Majengo kuniuliza namna ya kuingia katika kazi ya magazeti, mnanikuta nachambua maharagwe na mnadhani nitawapa habari za wakubwa niliowahoji. Sikuhoji mkubwa yeyote. Kazi yangu yote katika gazeti la Raha za Goma ilikuwa kufungua barua za wasomaji, kuzikata na kuzipanga kwenye ukurasa wa mwisho, ule ambao watu huanza nao kabla hawajagusa wa kwanza. Wenzangu waliandika juu ya wanamuziki, mavazi na filamu. Mimi niliandikiwa na watu waliokasirishwa na wanamuziki, mavazi na filamu, na niwaambie ukweli, nilicheka kuliko wenzangu wote.

Barua ya mtu wetu ina salamu nyingi. Anasalimu gazeti, anasalimu jamaa zote za gazeti, anauliza kama mvua imeshika, anashukuru Mungu kwa uzima, na lile tusi alilokusudia kulileta liko chini kabisa, karibu na sahihi. Kata salamu, tusi liache. Na usilainishe maneno ya mtu mwenye hasira mpaka aonekane mpole. Mimi nililainisha barua ya baba mmoja wa Birere, akaja ofisini na mwavuli uliokunjwa akitaka kumjua huyo mtu dhaifu aliyeandika kwa jina lake. Ilibidi nimpe chai mara mbili kabla hajauweka ule mwavuli chini.

Shefu wetu, yaani mhariri mkuu, Papa Anselme, alikuwa mtu wa suti na manukato hata siku za vumbi. Ndiye aliyenifundisha kazi, na sehemu kubwa alinifundisha kwa kufanya yasiyofaa mbele yangu. Mwezi ambao barua zilikuwa chache, aliziandika mwenyewe. Alimbuni Mademoiselle Furaha wa Katindo, msichana aliyeuliza kama ni vizuri kuolewa na mpiga gitaa. Wachumba wakaanza kuja ofisini. Mmoja alifika na wajomba zake, wamevaa vizuri, wanataka kuonyeshwa kwa kina Furaha. Papa Anselme akasema msichana amehamia Bukavu. Wale watu wakaomba anwani ya Bukavu. Mwishowe ilibidi amwozeshe, akaandika tangazo la arusi kwa mkono wake, na siku ile hakula mchana. Alikuwa amemzoea yule msichana.

Tangu hapo nilijiwekea sheria kwamba sipangi barua ya mtu ambaye sijui mlango wake. Sheria hiyo ndiyo iliyonipeleka Kibati, kijiji kilicho juu ya mji.

Barua ililetwa na Kasereka, anayeteremsha kabichi kutoka Kibumba kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali. Ilikuwa imefungwa ndani ya jani la nje la kabichi ili isilowe, na karatasi yenyewe ilinuka shamba. Ilianza hivi: "Kwa Raha za Goma, amani iwe nanyi, ingawa mnaikimbiza." Nilijua palepale kwamba huyu si wa kukatwa salamu.

Aliandika juu ya libanga. Nyinyi mnalijua, ila huenda msomaji wa mbali halijui. Mwimbaji wetu anaimba mapenzi, machozi yanakaribia, kisha katikati ya machozi anataja kwa sauti jina la mfanyabiashara fulani aliyemlipa ili atajwe. Tunaita libanga, yaani jiwe, kwa sababu jina linatupwa tu mle ndani ya wimbo, limpate litakayempata. Mwandishi wa barua alisema jina la mtu limewekwa ili Mungu aliite siku ya mwisho, si mtu mwenye kipaza sauti aliite kwa ajili ya mbuzi na kreti ya bia. Chini aliweka sahihi: Serugendo, katekista, Kibati.

Nikapanda moto, yaani pikipiki, nikaenda kumtafuta. Nilimkuta uani kwake, mzee mwembamba ndani ya koti pana, anapanga vijitabu vya sala kwenye gunia. Aliviandika mwenyewe, na vilikuwa vinauzwa milangoni mwa makanisa baada ya misa. Nilipomwambia tunataka kuichapa barua yake, alinyanyua mkono.

"Mama, ile barua musiitie kwanza mu gazeti. Ile neno ya libanga nilisikia kwa mutu mumoja tu, mwenye kupita njia. Hatuwezi hukumu mutu na shahidi mumoja. Lazima bawili."

"Lakini Muzee, zile nyimbo ziko zinapigwa kila pahali. Usikie wewe mwenyewe."

"Mimi nisikie? Nikisikia, nitakuwa shahidi. Na mwenye kuhukumu hapashwe kuwa shahidi." Akanitazama kama mtu anayemwonea mtoto huruma. "Utanitafutia bashahidi bawili, baniandikie kila mutu yake, bila kuongea kati yao. Kiisha nitaandika."

Kwa hiyo, vijana, mimi na Papa Anselme tukawa mashahidi. Kila mwezi tulisikiliza wimbo uliokuwa unavuma, yeye kwenye meza yake na mimi kwenye yangu, tukaandika ushahidi, Kasereka akaupandisha Kibati juu ya chukudu tupu, na hukumu ikashuka na kabichi. Watu walinunua gazeti kwa ajili ya hukumu hizo. Nilikuwa nasikia zikisomwa kwa sauti kwenye saluni na kwenye foleni ya maji.

Shida ni kwamba Papa Anselme alipenda sana kazi ya ushahidi. Kuna video moja alimwandikia Muzee kwamba wachezaji wamevaa vitambaa ambavyo havitoshi kufuta miwani. Mimi niliandika kwamba wamevaa vya kutosha kwa joto la pale studio. Muzee akarudisha karatasi zote mbili na maneno haya: "Mashahidi hawakubaliani. Wimbo umeachiliwa huru. Uende kwa amani."

Siku mbili baada ya gazeti kutoka, mwenye wimbo aliingia ofisini. Alikuwa kijana wa Katoyi, jina lake la jukwaani Roi Makala, na alikuwa karibu kulia.

"Mama, munisaidie! Muzee ameniachilia!"

"Si uzuri?"

"Uzuri wapi? Bale bengine bote amebahukumu, banajaza salle ya muziki. Mimi batu banasema nyimbo yangu ni ya batoto ya katekismu. Mumuambie anihukumu hata kidogo."

Nilimwandikia Muzee. Alijibu kwamba mtu aliyeachiliwa hahukumiwi tena kwa kosa lilelile, lakini kijana asikate tamaa, atende jingine.

Msidhani nilikuwa namchezea. Nilimpenda mzee yule. Aliwahukumu watu lakini hakumdharau yeyote, na wengi wanaohukumu hawawezi hilo. Mwezi mmoja nilimuuliza humo humo gazetini mbona makanisani wanasoma majina ya waliotoa michango ya mabati, na waliotoa nyingi wanasomwa polepole zaidi. Nilidhani nimembana. Mwezi mzima haikushuka hukumu yoyote, kisha ikaja hukumu kali kuliko zote, nayo ilikuwa juu ya parokia yake mwenyewe. Alikuwa amepata mashahidi wawili kanisani. Mmoja alikuwa mhasibu wa parokia.

Padri hakufurahi. Alimwita Muzee, akamwambia kwamba katekista kuandikia gazeti la ambianse, yaani la starehe, ni jambo analolivumilia tu, na uvumilivu wake umeanza kuchakaa. Jambo hilo lilikuwa zito kuliko mnavyodhani, kwa sababu wakati ule Muzee alikuwa amemaliza kijitabu kipya na alingoja ruhusa ya padri ili kisomwe katika vikanisa vyote vya parokia. Aliwahi kunisomea kurasa chache. Ziliitwa sala za mtu aliyebaki. Mke wake, Mama Consolata, alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, na baada ya mazishi Muzee aligundua kwamba katika vijitabu vyake vyote hakuna sala moja ya mtu anayepika chakula cha watu wawili kwa mazoea halafu anakaa anakitazama. Akaziandika mwenyewe. Mimi ni mtu wa kukata maneno ya wengine, na katika zile kurasa sikuona neno la kukata. Kijitabu kile ndicho kitu pekee nilichopata kumsikia akikitaka kwa nguvu.

Sasa sikilizeni kilichotokea.

Kwaya ya Kibati iliamua kurekodi wimbo ambao maneno yake yalitungwa na Muzee. Wakashuka mjini na Mama Jeannette, kiongozi wao, wakaingia studio ileile ambayo kina Roi Makala hurekodi. Mwenye studio alikuwa kijana mwenye bidii, lakini maisha yake yote hakuwahi kurekodi wimbo usio na majina. Kabla ya ubeti wa mwisho aliwaachia nafasi, ngoma peke yake, akafungua kipaza sauti na kuuliza: "Hapa tunatupa majina ya banani?" Mama Jeannette akadhani ndivyo mashine inavyotaka. Akataja majina ya kwanza yaliyomjia mdomoni.

Wimbo ukapendwa kupita kiasi. Madereva wa moto waliupiga, wauza vitenge waliupiga, na mimi mwenyewe niliusikia nikiwa nanunua sambaza, wale dagaa wa ziwani, nikasimama na sambaza zangu mkononi. Katikati ya wimbo wa Mungu, sauti ya mwanamke ilipaa: "Muzee Serugendo wa Kibati, kalamu ya Mungu!"

Nilirudi ofisini mbio. Barua zilikuwa zimenitangulia, na nyingine zilitoka kwa wanamuziki. Roi Makala aliandika kurasa nne bila salamu. Wote waliuliza neno moja: mzee amelipa faranga ngapi? Papa Anselme alikuwa ameshapanga kichwa cha habari kwa herufi kubwa za kutisha.

"Papa Anselme, ngoja kwanza," nilisema. "Tusikie yeye mwenyewe."

"Mama Kahindo, gazeti haliwezi ngoja."

"Lilingoja Furaha aolewe."

Alikisogeza kile kichwa cha habari pembeni. Jina lile lilikuwa linamgusa bado.

Jioni ile Kasereka aliniletea habari kutoka juu. Padri ameusikia wimbo. Amesema Muzee alete maelezo ya maandishi kabla ya misa ya Jumapili, na kama alinunua libanga, kijitabu hakitasomwa hata katika kikanisa kimoja, na yeye hataandika tena kwa jina la kanisa. Muzee hajausikia wimbo. Amesema wajulishwe mashahidi wawili, wale wa siku zote, wapande.

Tulipanda Jumamosi kwa moto mbili, Papa Anselme amefunika suti kwa mfuko wa plastiki. Uani kwa Muzee kulikuwa na kiti chake kizuri na kigoda kifupi. Kiti kilikuwa kitupu. Muzee alikuwa ameketi juu ya kigoda, koti limefungwa vifungo vyote, na Mama Jeannette alisimama karibu na mlango wa jiko akipangusa macho kwa pembe ya kitenge.

"Leo mimi ni mwenye kushitakiwa," Muzee alisema, "njo maana nimekaa hapa chini. Shahidi wa kwanza."

Papa Anselme akaondoa plastiki, akasimama wima na kutoa ushahidi. Alisema amesikia kwa masikio yake: Muzee Serugendo wa Kibati, kalamu ya Mungu. Hakuongeza chumvi hata kidogo, na hilo lilinishangaza.

"Shahidi wa pili."

Vijana, nilijua la kufanya. Sheria ilikuwa ya kwake mwenyewe, kwamba mashahidi wasipokubaliana mtu anaachiliwa huru. Neno langu moja lingetosha. Nikakohoa.

"Mimi nilisikia Serugenda wa Kibumba," nilisema. "Muuza viazi."

Muzee alinitazama kwa muda mrefu, kisha midomo yake ikaanza kucheza.

"Mama Kahindo, uko unanidanganya."

"Sikuelewa muzuri, Muzee. Moto zilikuwa zinapiga kelele."

"Uko unanidanganya juu unanipenda. Ile ni muzuri kwa jirani, kwa shahidi ni mubaya. Naondoa ushahidi wako." Akashusha pumzi. "Sasa nabakia na mumoja tu. Na Jumapili ni kesho."

Ndipo Mama Jeannette alipopaza sauti kutoka mlangoni. "Muzee, ni mimi nilitupa! Hakuna mutu alilipa! Ule mutoto wa studio aliuliza majina, mi nikasema majina!"

"Ukasema yangu."

"Nikasema yenu."

Muzee hakulishika lile neno "yenu", lakini mimi nililishika, kwa sababu mjini nilikuwa nimekimbia ofisini kabla wimbo haujaisha. Mzee alikaa akifikiri. Hakuwa na shahidi wa pili isipokuwa masikio yake. Mwishowe alivua kofia.

"Papa Anselme, weka ile nyimbo."

Hakuwahi kusikiliza rekodi yoyote kutoka kwetu tangu tuanze kuandikiana. Papa Anselme akaweka simu juu ya kile kiti kizuri, na sote tukasimama tukiitazama simu. Wimbo ukaenda. Muzee alikuwa anatikisa kichwa kwa kupima maneno yake mwenyewe. Ikafika ile nafasi, ngoma peke yake, kisha: "Muzee Serugendo wa Kibati, kalamu ya Mungu!"

Mzee alikaza uso. Aliukaza kwa nguvu zote, lakini tabasamu lilimtoka upande mmoja, akalifunika kwa kofia. Na kabla hajamaliza kulificha, sauti ya Mama Jeannette iliendelea ndani ya simu: "Na Mama Consolata, sauti yetu ya kwanza, tunakuita!"

Sikuwa najua kwamba Mama Consolata aliwahi kuimba. Mama Jeannette alinieleza baadaye kwamba ndiye aliyeianzisha kwaya ile, akiwa msichana, kabla ya kanisa kuwa na hata mlango.

Ubeti wa mwisho ukaimbwa, wimbo ukaisha. Kofia ilikuwa bado usoni pa Muzee.

"Rudisha," alisema.

Papa Anselme aliurudisha mwanzo.

"Hapana. Rudisha pale."

Akarudisha pale. Akarudisha tena. Sijui alirudisha mara ngapi, maana mimi nilikuwa nimeenda nyuma ya nyumba kulia, na nilimkuta Mama Jeannette ameshanitangulia huko. Tuliporudi, Papa Anselme alikuwa amepiga magoti juu ya mawe meusi na suti yake yote, anamwonyesha Muzee pa kubonyeza.

Hukumu niliichapa yote, na salamu zake. Ilisema hivi: Serugendo hakulipa, lakini jina lake lilipotajwa alifurahi, na alilifurahia kwa namna ileile wanavyolifurahia wafanyabiashara, hivyo amekutwa na hatia. Anawaomba msamaha wanamuziki wote aliowahukumu bila kujua kwamba jambo lenyewe ni tamu kiasi hicho. Studio ifute jina la Serugendo. La Consolata liachwe, kwa sababu tangu azikwe hakuna aliyekuwa akiliita kwa sauti pale nyumbani, hata yeye mumewe, na alikuwa ameanza kusahau namna linavyosikika.

Hukumu hiyo ndiyo maelezo aliyompelekea padri, naye aliisoma asubuhi ya Jumapili kabla ya misa. Nasikia alichukua kijitabu kile na kukisoma mwenyewe mbele ya watu, sala baada ya sala, mpaka misa ikachelewa na wenye vibanda sokoni wakaanza kutazamana. Papa Anselme alikitupa kile kichwa chake cha habari, na mwezi ule tukauza gazeti lote.

Kijana wa studio alitii, akafuta jina la Muzee. Lakini hakujua kuziba pale palipobaki, kwa hiyo ukisikia wimbo ule leo, ngoma inapiga peke yake kwa muda wa jina moja, halafu Consolata anaitwa. Sasa mnajua kilichokuwa pale.

Watu wa Kibati wanajua pia. Nimestaafu, na Jumapili nyingine napanda kwenda kusali kule. Kwaya ikiuimba wimbo na kufika pale, inanyamaza kama rekodi inavyotaka, na kanisa zima, wazee, akina mama na watoto mgongoni, linapiga kelele kwa pamoja: "Serugendo!" Muzee anainamisha kichwa na kutafuta kitu chini ya benchi. Kila mara anatafuta, hajawahi kukipata. Anajiinua tu wakati jina la pili linapoitwa, na hilo anaitikia yeye kwa sauti kuliko wote.